Madumu Kumi na Saba

Masika yalipozidi na Mto Msimbazi ukaingia tena majumbani, wanyama wa Bonde la Jangwani waliuza walichoweza kuuza, wakafunga virago, wakahamia ghorofani Upanga. Jumba walilolipata lilikuwa la siku nyingi: orofa saba, nyumba nne kila orofa, kaya 28 kwa jumla. Lifti ilikuwa imekufa kabla hawajafika. Lakini palikuwa pakavu, na kwa mnyama aliyewahi kulala juu ya kabati akingoja mto upungue, pakavu ni neema tosha.

Uani palikuwa na tanki lililochimbiwa ardhini. Maji ya jiji, ambayo sehemu kubwa yake hutoka Mto Ruvu, yaliingia humo, pampu ikayapandisha hadi tanki la paani la lita 10,000, kisha yakashuka yenyewe kwa uzito wake katika bomba moja kuu lililopita kando ya ngazi na kugawa kila orofa. Maji yakishuka mita 10, presha yake inaongezeka kwa takriban bar 1. Kwa hiyo Kiboko, aliyekaa chini kabisa, akifungua koki dumu la lita 20 lilijaa kabla hajamaliza kupiga miayo. Mama Popo, wa orofa ya saba, aliyelala karibu na tanki kuliko mkazi mwingine yeyote, alipata uzi mwembamba tu; na wa chini wakifungua koki zao kwa pamoja, yeye alipata upepo. Msomaji alishike hili, maana ndilo lililoamua mambo mengi baadaye, kuliko wema au ubaya wa mnyama yeyote.

Bomba lenyewe lilikuwa la chuma kilichopakwa zinki. Zinki huisha. Ikishaisha, kutu hujijenga ndani, tundu likawa jembamba mwaka hadi mwaka, na kwenye viungo, pale chuma kilipochongwa nyuzi kikabaki chembamba, maji huanza kutafuta njia. Tii ya orofa ya pili, kiungo cha njia tatu, ilikuwa ikivuja kwa miaka mitatu. Ilifungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ikafungwa tena juu ya mpira, ikapakwa gundi, ikafungwa tena. Maji yaliyodondoka yalituama chini ya ngazi, yakawa dimbwi, na Chura akahamia humo na viluwiluwi wake. Fisi naye akachomeka mpira mwembamba palepale kwenye uvujaji, akawa anajaza madumu usiku na kuyasukuma kwa mkokoteni alfajiri kwenda kuyauza mtaani.

Mzee Kobe, fundi bomba, alipoitwa kuitazama ile tii aliigonga kwa mpini wa spana, ikaanguka gamba la kutu lenye unene wa kidole.

"Hii haifungwi tena," alisema. "Hapa ni kukata na kuweka bomba jipya. Fedha mliyonayo inatosha nusu ya chini. Nusu ya juu tutafanya mkishachanga tena."

Twiga, mwenyekiti, akaitisha kikao. Wa kwanza kusimama alikuwa Fisi.

"Ndugu zangu, mimi sina neno kwa nafsi yangu. Nasema kwa ajili ya wanyonge. Mkikausha uvujaji huu, watoto wa Chura wataishi wapi? Mnyama masikini ana dimbwi moja tu duniani, nalo mnataka kumnyang'anya!"

Wengi walimpigia makofi. Chura alikuwepo, amekaa nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyegeuka kumuuliza chochote. Twiga aliahirisha kikao mara mbili kwa heshima ya watoto wa Chura, na katika muda huo wote mkokoteni wa Fisi uliendelea kutoka alfajiri. Hatimaye tii ilipasuka ufa mpya, maji yakafika kwenye kasha la umeme, na hofu ikafanya kazi ambayo hoja ilishindwa kuifanya. Matengenezo yakapangwa Jumamosi.

Kasuku, katibu, akaandika tangazo na kulibandika getini: *Maji yatafungwa Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa kufunga koki kuu ya paani, kwa ajili ya matengenezo ya bomba. Wakazi wote mnaombwa kuhifadhi maji ya kutosha. Samahani kwa usumbufu. Uongozi.* Kisha Ijumaa, saa nne asubuhi, akapita mlango kwa mlango akilisoma kwa sauti, kila mlango mara tatu, neno kwa neno, hajapunguza wala hajaongeza. Asiyefungua, alisomewa nje ya mlango. Mbele ya jina la kila kaya Kasuku aliweka alama ya vema.

Matangazo ya namna hii nimeyaona yamebandikwa kwenye kuta nyingi, na karibu yote yana pengo lilelile. Yanataja saa, hayataji kiasi. Mkazi anaambiwa ahifadhi, haambiwi tanki lina lita ngapi na ni la wangapi. Anapokosa hesabu, anabaki na kumbukumbu. Na kumbukumbu za wanyama wa jumba lile zilikuwa za mwisho wa mwaka 2022, ukame ulipoushusha Mto Ruvu hata mji mzima ukaingia kwenye mgao, wengine wakikaa siku kadhaa bila tone. Mgao ule ulikuwa wa mto uliopungukiwa. Hakuna fundi aliyejua utakwisha lini. Haya ya Jumamosi yalikuwa maji yaliyopo, yanayozuiwa kwa saa tisa kwa makusudi, na mwenye kuyazuia amesimama pale ngazini na spana mkononi. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Lakini koki ikikauka mlio wake ni mmoja, na tangazo halikumsaidia yeyote kutofautisha.

Basi ilipofika magharibi ya Ijumaa, Kiboko alifungua koki ya hodhi lake. Jirani yake akamsikia, akafungua yake. Wa orofa ya pili akachungulia dirishani, akaona madumu yanapangwa barazani, akatuma watoto wakaazime mapipa. Digidigi, wa orofa ya tatu, mnyama anayepata karibu maji yote anayoyahitaji kwenye majani na umande, mnyama anayeweza kukaa siku nyingi asiinamie kisima, alijaza madumu 14. Alijaza ndoo, masufuria, beseni la kufulia, mpaka chupa za juisi. Saa nne usiku tanki la paani likalia kavu.

Twiga akaamuru pampu iwashwe. Pampu ilinguruma usiku kucha, na kila kilichopanda kilishuka hapohapo kwa wale waliokuwa hawajajaza. Mama Popo alirudi alfajiri kutoka hospitali, alikofanya kazi ya uuguzi zamu ya usiku, akafungua koki apate kunawa kabla ya kumshika mwanawe mchanga. Koki ikapuliza upepo. Akadhani ni mgao umerudi. Kwenye birika kulikuwa na kikombe kimoja. Akakinywa, akamnyonyesha mtoto, akalala. Kasuku alipomsomea tangazo jana yake saa nne asubuhi, alikuwa amelala vivyo hivyo.

Kuanzia saa moja asubuhi, vyombo vya orofa za chini vilipokwisha kujaa vyote, koki zikafungwa moja moja, na tanki likaanza kupata maji. Saa tatu Kobe alipozima pampu na kupanda paani kufunga koki kuu, lilikuwa limefika robo. Akafurahi. Hayo aliyataka ayatumie jioni kusukuma uchafu kwenye bomba jipya.

Kazi ilianza vizuri. Kobe alifungua koki ya chini bomba likamwaga yaliyosalia, akakata chuma kwa msumeno, akatoa vipande vilivyoliwa. Badala yake aliweka bomba la PPR, lile la plastiki linalounganishwa kwa kuchomwa. Anayeijua kazi hii anajua kuwa haina papara. Mashine huwashwa mpaka ifike nyuzi joto 260. Kwa bomba la milimita 50, ncha ya bomba na soketi hukaa kwenye moto sekunde 18 pamoja, kisha hutolewa na kusukumwa moja ndani ya nyingine, moja kwa moja, bila kuzungusha. Ukiwahi, hazishikani. Ukichelewa, plastiki huyeyuka kwa ndani na kuziba njia. Na lazima pawe pakavu kabisa. Tone likiguswa na joto lile hugeuka mvuke, mvuke huacha vitundu ndani ya kiungo, na kiungo chenye vitundu kitashika leo, kisha kitapasuka usiku wa manane siku ambayo hakuna aliye nyumbani.

Kwa hiyo Kobe alichukua kipande cha boflo, akakitoa ganda, akakifinyanga na kukisukuma ndani ya bomba lililotoka juu, kuzuia matone yaliyokuwa bado yanateremka. Ni ujanja wa mafundi. Mkate unashika maji kwa muda unaotosha kuchoma, na baadaye yakirudishwa unalainika na kutoka wenyewe kwenye koki. Kufikia saa nane mchana alikuwa amebakiza kiungo kimoja.

Saa nane hiyohiyo Mama Popo aliamshwa na kilio cha mtoto. Maziwa yalikuwa yamepungua, mdomo wake mwenyewe umekauka. Akafungua koki: kimya. Akatoka ukumbini, akamkuta Kasuku kwenye kishikio cha ngazi.

"Katibu, samahani. Maji yamekwenda wapi?"

Kasuku akamsomea, kwa moyo safi, neno kwa neno: maji yatafungwa Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa kufunga koki kuu ya paani.

"Kwa hiyo maji yapo? Ni koki tu imefungwa?"

Kasuku akalisoma tena kuanzia mwanzo.

Mama Popo akaruka mpaka paani. Akaliona tanki, akalipiga ubavu kwa bawa, akasikia kuwa lina kitu. Akaikuta koki kuu, akaizungusha.

Chini, Kobe alikuwa anahesabu. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Boflo lilitoka kwa kishindo, na nyuma yake mnara wa maji wenye kutu, ukaifunika mashine ya moto. Ilipasuka kwa mlio mmoja. Umeme ukakatika jumba zima. Kobe alirudisha kichwa ndani ya gamba, na hilo ndilo lililomponya; maji yaliyochemka yalimmwagikia mgongoni. Alipotoa kichwa, kiungo cha mwisho kilikuwa uji uliogandia kwenye chuma, na maji yanateremka ngazi zote mpaka barabarani.

Sijui kama kuna mkutano unaojaa upesi kuliko wa kumtafuta mkosaji. Kikao cha kupanga matengenezo kilihudhuriwa na wanyama tisa. Hiki cha saa tisa alasiri kilihudhuriwa na jumba lote, na Mama Popo alisimamishwa katikati, mtoto kifuani.

"Ametuharibia fedha yetu!" Kiboko alisema. "Alipe mashine."

"Ahamishwe," Fisi akaongeza. "Leo kafungua koki, kesho atakata nyaya za umeme."

Kobe alikuwa amekaa kwenye ngazi, mgongo bado unafuka. Akaomba nafasi.

"Mama, tangazo hili ulilisikia lini?"

"Leo, Mzee wangu. Saa nane, nilipomuuliza Katibu."

"Kabla ya hapo?"

"Hapana."

Kasuku akarukaruka. "Nilipita! Nilisoma mara tatu mlangoni kwake!"

"Alifungua mlango?"

"Hakufungua."

"Ukafanyaje?"

"Nikaweka alama ya vema."

Kobe akaitazama orodha, akairudisha bila neno. Kisha akaomba chaki. Kwenye ukuta wa ngazi, mahali ambapo kila mmoja angeweza kuona, akaandika: 10,000. Akagawa kwa 28. Ikatoka 357. Akagawa kwa 20. Ikatoka 17, na chenji.

"Madumu 17," alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa haki ya kila mlango usiku wa jana. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja akipata lita 50 hadi 100 kwa siku, mahitaji yake ya msingi mengi yametimia. Madumu 17 ni familia ya sita kwa siku nzima, na mimi niliomba saa tisa. Sasa naomba twende tukatazame, mlango kwa mlango."

Wakaenda. Mwendo wa Kobe ni wa polepole, na siku ile upole huo ulikuwa na faida, kwa sababu kila mmoja alipata muda wa kuona.

Kwa Kiboko walikuta hodhi la lita 3,000, sehemu ya kaya nane na ushei. Kiboko akajieleza: ngozi yake ikikauka hupasuka, na jua la Dar es Salaam halimhurumii. Hilo ni kweli, na hakuna aliyelikataa. Anayehitaji zaidi ana haki ya kuomba zaidi. Lakini hakuwa ameomba. Alikuwa amefungua koki gizani. Na kwa kuwa alikuwa ameshaingia hodhini tangu asubuhi na kufanya humo kila ambacho viboko hufanya majini, maji yale hayakuwa tena ya kumpa mtu.

Chini ya ngazi, nyuma ya turubai, walikuta madumu 40 ya Fisi yamefungwa vizuri, kipande cha boksi kimeandikwa: 2,000. Siku za kawaida dumu moja aliliuza 500.

Orofa ya tano waligonga kwa Bibi Nungunungu. Walisubiri sana. Mlango ulipofunguka, walimwona ameshikilia ukuta, macho yake yakiwa na ukungu wa uzee, na mezani kuna sufuria moja ndogo, nusu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja na maji?"

Twiga alijikohoza. "Bibi, tangazo ulilisikia?"

"Nililisikia vizuri, mwanangu. Yule mtoto anasoma vizuri sana. Aliniambia nihifadhi. Lakini dumu la lita 20 ni kilo 20, na mimi kulinyanyua kutoka sakafuni siwezi. Nilikaa hapa karibu na mlango tangu jana jioni. Niliwasikia wote mkipita na madumu."

Majirani zake wa orofa ile walitazamana. Mmoja alisema alidhani Bibi ana watu wake. Mwingine alisema, kwa sauti ya chini, kwamba amewahi kusikia nungunungu hurusha miiba akikaribiwa. Nungunungu harushi miiba. Haijawahi kutokea. Miiba hubanduka tu anapoguswa kwa nguvu, na huyu hakuna aliyemgusa kwa namna yoyote tangu ahamie.

Hapa ndipo Digidigi alipotoka kwenye kundi. Alishuka ngazi mbiombio, akarudi akiburuta dumu, akalifungua, akamimina maji kwenye mtungi wa Bibi mpaka ukajaa. Alikuwa analia.

"Mimi hata kunywa sinywi," alisema. "Nilijaza kwa sababu wenzangu walikuwa wanajaza. Madumu 14! Sikujua nayataka ya nini. Chukueni yote."

Namheshimu Digidigi kuliko wengine wote katika kisa hiki. Wapo wengi waliojaza kwa sababu hiyohiyo, na wangeendelea kutafuta sababu nzuri zaidi ya kusema.

Kobe akamwambia Twiga: "Mwenyekiti, nimetuma kijana Kariakoo akaazime mashine nyingine. Nitachoma usiku kwa taa. Kiungo kinataka kupoa saa nzima kabla ya kubeba maji, na mabomba yasafishwe. Hayatarudi kabla ya kesho mchana. Lakini siwashi mashine mpaka Bibi huyu na Mama Popo, na yeyote mwenye hali yao, wawe na maji mlangoni."

"Tutayapata wapi?" Kiboko aliuliza.

Wote wakageuka kwa Fisi. Fisi akaweka mkono kifuani. "Ndugu zangu, haya ni mtaji wangu. Nimeyapata kwa jasho. Nikiwapa bure, nani atamlinda Chura na wanawe?"

Ndipo sauti ikatoka chini kabisa ya kundi, kwenye kidato cha mwisho cha ngazi.

"Mimi nipo hapa," alisema Chura. "Sijamtuma mtu kunisemea. Maji ya Fisi yanatoka kwenye bomba la jumba. Yanapandishwa na pampu ya jumba, na luku ya pampu tunachanga sote, nami nachanga. Kila usiku akijaza madumu yake dimbwi langu linapungua mpaka wanangu wanabaki matopeni. Nimekaa miaka mitatu nikisikia natetewa, na katika miaka hiyo nimepoteza watoto wengi kuliko ninavyoweza kuwataja."

Fisi hakujibu. Madumu 40 yalibebwa juu, mikono kwa mikono, kidato kwa kidato, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie wanyama wa orofa ya pili walijua majina ya wanyama wa orofa ya sita. Mama Popo alipewa madumu matatu na kikombe cha uji. Hakuna aliyemwomba radhi siku ile. Waliofanya hivyo walifanya baadaye, mmoja mmoja.

Kobe alikata kipande kilichoharibika, akakausha ncha kwa kitambaa, akaweka boflo jipya. Paani, kando ya koki kuu, alikaa Mama Popo mwenyewe kwa hiari yake. Usiku ndio saa zake za kazi. Sekunde 18. Soketi ikaingia. Kobe aliishikilia bila kutikisika, akaiachia, akaigusa kwa kidole, akanyamaza.

Jumapili saa sita mchana maji yalirudishwa, na safari hii Kasuku alipita milangoni akiwa na maelezo aliyofundishwa na Kobe na kuyaelewa. Alisubiri mlango ufunguke. Asiyefungua, alimrudia. Aliwaambia wazime hita za bafuni mpaka maji yatiririke sawasawa, kwa sababu hita ikiwashwa bila maji huungua. Aliwaambia wa orofa za juu wafungue koki zao kidogo, upepo uliobanwa bombani upate pa kutokea, na wasishtuke zikikohoa. Aliwaambia maji ya kwanza yatakuwa ya rangi ya chai na huenda yakawa na vipande vya mkate. Wayakinge kwa kupigia deki, wasiyanywe, mpaka yawe meupe. Bibi Nungunungu alimuuliza maswali manne, na Kasuku akajibu yote kwa maneno yake mwenyewe.

Kikao cha nusu ya juu ya bomba kilifanyika wiki tatu baadaye. Kiboko alikuja na ombi la maandishi: anahitaji madumu 30, kwa ajili ya ngozi, na yuko tayari kuchangia zaidi kwenye luku. Lilijadiliwa, akapewa 25. Chura aliomba bomba la kumwagia maji ya ziada ya tanki lielekezwe kwenye beseni la saruji uani, kwa kuwa dimbwi la ngazini limekauka na viluwiluwi waliobaki wamo kwenye ndoo. Twiga akaingiza hoja ya mbu. Chura akamuuliza anadhani yeye hula nini. Ombi likapita. Fisi alinyanyua mkono kusema jambo kuhusu wanyonge. Mwenyekiti alimwomba ataje jina la aliyemtuma, akaushusha.

Kisha wakafika kwenye tarehe. Twiga alipendekeza Jumamosi, kama mara ya kwanza, na vichwa vingi vikaitikia. Kasuku hakuiandika. Aligeuka kwa Mama Popo, akamuuliza ni siku ipi ambayo hayuko zamu. Mama Popo akafungua ratiba ya wodini, akaifuata kwa ukucha.

"Jumanne ya pili," alisema.

Wakaiandika Jumanne ya pili, na chini yake, kabla ya saa, Kasuku akaandika: madumu 17.